Hadi Tangini na Kurudi

Jumatatu, tarehe 3 Juni

Injini imerudi mahali pake! Mgongo umepinda, kidole gumba kimevimba, lakini injini imerudi. Tangu mvua zilipoanza ilikuwa imesambaa banda zima: pistoni kwenye beseni la kufulia, valvu kwenye sinia la wageni, boliti ndani ya soksi zangu za kazini. Leo nimefunga ya mwisho. Nimekaa ndani ya gari langu, nimeshika usukani, nimefumba macho. Gari la mbio, viti viwili, limelala chini kama paka anayevizia. Kwa sasa linavizia tu.

Furaha haikudumu hata kikombe kimoja cha chai. Mke wangu aliingia bandani na futi yake ya kushonea shingoni, akaanza kupima ukuta. Alisema amechoka kushonea sebuleni, wateja wanakalia vitambaa, na banda analitaka Jumapili. Gari ama litoke lenyewe likakae uani, ama litoke kwa kamba ya shemeji.

Shemeji ni mdogo wake. Ana gereji kubwa yenye kreni na kalenda. Amelitamani gari hili tangu siku nilipolileta, na kila akija kula huenda kwanza bandani kulisalimia. Mimi humsindikiza. Simwachi naye peke yake.

Jioni alikuja, tukaandikishana kwa mdomo mbele ya dada yake. Jumapili gari lipande hadi kwenye tangi la maji kilimani na kurudi, bila kusukumwa. Likishindwa, ni lake. Alicheka kwa namna ambayo haikunipendeza. Basi nikaongeza sharti mwenyewe: na injini isizimike hata mara moja njiani! Shemeji aliuliza kama nina hakika. Nilimjibu kwamba mtu aliyekagua mizani ya wafanyabiashara maisha yake yote hakosi hakika.

Jumanne, tarehe 4 Juni

Nimejaribu kuwasha. Nilisubiri mke wangu aende kununua vifungo.

Injini ilikohoa. Ikakohoa tena. Halafu ikapiga mlipuko kupitia kabureta, moto ukaniramba uso. Nimepoteza nyusi ya kushoto. Nimejitazama kwenye kioo cha pembeni: nafanana na mtu anayeshangaa upande mmoja.

Nimeshukuru kwamba hakuna aliyeona. Kisha nikageuka. Mteja wa mke wangu, mwalimu wa kwaya, alikuwa mlangoni ameshika gauni lake. Aliuliza kama ni salama kupita. Nilimwambia hilo ni jaribio la kawaida la kiufundi.

Mke wangu aliporudi alinitazama usoni kwa muda. Alipima ukuta wa pili.

Nashuku hujuma. Shemeji alikuwa bandani Jumapili iliyopita wakati nimeenda kunawa mikono.

Jumatano, tarehe 5 Juni

Mpango ulikuwa mzuri, na bado nasema ulikuwa mzuri.

Nilipiga simu gereji kwa shemeji kutoka simu ya duka la pembeni. Nilijibana pua. Nilijitambulisha kama mzee mmoja wa mbali, mwenye gari la mbio, ambalo injini yake imefunguliwa na kufungwa upya na fundi mahiri sana. Sasa inarudisha moto kwenye kabureta. Je, yawezekana kuna adui ameichezea?

Shemeji alinisikiliza kwa adabu. Alieleza kwamba adui hayupo. Distribyuta, kile kifaa kinachogawa cheche kwa plagi, kimefungwa kikiwa kimegeuka nusu mzunguko. Cheche inakuja wakati valvu ziko wazi, moto unatoka ulikoingilia. Kosa la kawaida, alisema, hasa kwa watu wasiopenda kuuliza. Kitolewe, kigeuzwe, kirudishwe. Nilimshukuru kwa niaba ya wazee wote wa mbali.

"Karibu sana, mzee," alisema. "Nisalimie dada. Na pole kwa nyusi."

Mwenye duka alitaka kujua kwa nini bado nimeshika pua.

Nimetafakari njia nzima kurudi. Kama alinitambua, mbona amenisaidia? Ni mtego. Nimeigeuza distribyuta, lakini kwa tahadhari kubwa.

Alhamisi, tarehe 6 Juni

Imewaka! Mguso mmoja wa swichi, ikanguruma! Bati la banda lilitetemeka, na mimi pia. Nililia kidogo. Nitasema ni moshi.

Na moshi ulikuwepo. Injini yenye kamshafti mpya, yaani kile chuma kinachofungua na kufunga valvu, haitakiwi kunguruma polepole inapowashwa mara ya kwanza. Inatakiwa izungushwe kwa kasi moja kwa moja, bila kupumzika, mpaka vyuma vizoeane. Ukiizima mapema unaiharibu. Kwa hiyo nilipoona mafuta niliyopaka vyuma wakati wa kufunga yanaanza kuungua, na wingu jeupe linapita dirishani kuelekea sebuleni, sikuwa na la kufanya. Sheria ni sheria.

Mke wangu alikuwa anampima mwalimu wa kwaya. Walitoka mbio wote wawili, mwalimu akiwa na mkono mmoja wa gauni na pini kila mahali. Mke wangu alikuja kupiga kelele mlangoni. Niliona mdomo wake ukienda, sikusikia hata neno. Niliitikia kwa kichwa. Nadhani nimekubali kitu.

Baadaye nimefahamishwa kwamba nimekubali kufua mapazia yote.

Si kitu. Imewaka, haivuji, haigongi. Tangu mvua zilipoanza sijawahi kulala vizuri kama nitakavyolala leo.

Ijumaa, tarehe 7 Juni

Imewaka, lakini haiendi.

Nilikanyaga klachi nitie gia. Giaboksi ililia kama mbuzi. Nikakanyaga tena, nikasukuma, ikalia zaidi. Klachi haiachii kabisa. Injini na magurudumu vimeshikana kama wachumba, na pedali haina kauli.

Nimelala chini ya gari kutwa nikifikiri. Kebo ni nzima. Pedali ni nzima. Limebaki jambo moja tu, na sipendi kuliandika. Bamba la klachi lina pande mbili. Upande mmoja hutazama injini, mwingine hutazama giaboksi. Inawezekana nimelifunga limetazama kinyume. Inawezekana. Kulitoa ni kuishusha giaboksi, na kuishusha na kuirudisha peke yangu kabla ya Jumapili haiwezekani.

Shemeji alipita kula. Alienda bandani, akazunguka gari mara moja, akasema injini inanukia vizuri. Kisha akauliza klachi inakanyagikaje. Nilimwambia inakanyagika kama siagi. Mke wangu alinitazama. Nilikula haraka.

Mapazia sijafua.

Jumamosi, tarehe 8 Juni

Nimepata njia!

Gari halihitaji klachi kuondoka. Nikiweka gia namba moja injini ikiwa imezimwa, kisha nikawasha, starta italivuta gari lenyewe na injini itadaka. Tutaondoka kwa mruko, lakini tutaondoka. Shida iko kwenye kusimama. Nikifunga breki, injini inazimika, na sharti la kuzimika niliweka mimi. Kwa hiyo nisisimame. Ndiyo tu! Watu wengi husimama bila sababu.

Nimepita njia nzima kwa miguu, mikono nyuma, kama mtu anayepunga hewa. Geti: liachwe wazi. Tuta la shule: polepole. Makutano ya sokoni: hapo pana askari wa barabarani, lakini kunapokuwa na jua hukimbilia kivulini. Kilimani nitazunguka tangi na kushuka.

Nimemwomba shemeji asimame juu tangini kama shahidi. Huko hatasikia jinsi ninavyoondoka. Alikubali upesi mno.

Jumapili, tarehe 9 Juni

Nitaandika kwa utaratibu.

Asubuhi niliipasha injini moto, nikaizima, nikatia gia namba moja. Geti wazi. Mkono kwenye swichi. Hapo mlango wa pili ukafunguliwa, mke wangu akaingia na mkoba wake. Alisema shahidi mmoja hatoshi, na yule ni ndugu yake, watu watasema. Nilimshauri abaki. Alifunga mkanda.

Niliwasha. Gari liliruka kama limechomwa sindano, mkoba ukaenda nyuma, injini ikadaka, tukawa barabarani. Mke wangu aliuliza kama ndivyo lilivyokuwa zamani. Nilisema magari ya mbio yana papara.

Tuta la shule tulilipanda na kulishuka. Gia namba mbili niliipata kwa kusikiliza na kuomba. Kufika makutano ya sokoni, jua halikuwepo, na askari alikuwepo. Aliinua mkono kutuzuia. Nilikata kushoto, nikaingia kituo cha mafuta. Mhudumu alikuja na mpira wa mafuta akauliza tuweke kiasi gani. Tulimpita. Mke wangu alitoa kichwa dirishani akamwambia siku nyingine, mwanangu. Tukatokea upande wa pili, askari akiwa sasa nyuma yetu, mkono bado juu.

"Kwa nini hatusimami?" mke wangu aliuliza.

Nilikaza mikono kwenye usukani mpaka kona ya kwanza ya mlima. Kisha nikamwambia. Klachi haiachii. Nikisimama injini inazimika, na ikizimika gari ni la mdogo wake. Nilitazama mbele tu. Nilingoja maneno. Badala yake alivua viatu, akakanyaga sakafu kwa miguu yote miwili, akasema:

"Basi usisimame."

Mlima ulikuwa mkali. Kufikia nyumba ya mwisho mshale wa kasi uliporomoka, gari likaanza kutetemeka, na injini ilikuwa inakaribia kukata roho. Nilijua limekwisha. Nilianza kuliaga moyoni. Nikaondoa gia namba mbili, nikakanyaga mafuta, nikapapasa namba moja. Giaboksi ililia mlima mzima. Ikaingia! Tulitambaa hadi juu.

Shemeji alikuwa chini ya tangi, amevaa vizuri, ametabasamu, ameshika sahani iliyofunikwa ya chakula alichofungiwa. Alipunga mkono, akasogea kwenye mlango apande. Tulilizunguka tangi naye akikimbia pembeni akigonga dirisha. Dada yake alishusha kioo akamwambia tutaonana nyumbani. Nyuma tulimwona akiwa amesimama tu na sahani yake.

Kushuka kulikuwa rahisi. Askari alikuwa anashughulika na lori. Geti lilikuwa wazi. Nilizima injini ndani ya ua, magurudumu yote manne yakiwa nyumbani, na kukawa kimya. Hata kuku wa jirani walinyamaza. Nimekuwa mtu mzima muda mrefu, sijawahi kuhisi pumzi ikitoka mwilini namna ile.

Shemeji alifika kwa miguu, viatu vimejaa vumbi. Aliomba maji, akanywa yote.

"Shemeji," alisema, "bamba la klachi umelifunga kinyume."

Alisema alijua tangu Ijumaa, kwa vile hakuna klachi duniani inayokanyagika kama siagi. Alisema pia kwamba amekuwa fundi tangu ujanani na hajaona mtu akipanda kilima kile bila klachi na mke ndani. Mapatano hayakutaja klachi. Gari ni langu. Alipitisha kiganja juu ya boneti mara moja, akaenda kunawa.

Jioni nilimuuliza mke wangu kwa nini hakunipigia kelele kule mlimani. Alikuwa anaweka uzi kwenye sindano, hakuinua macho.

"Gari likiondoka, wewe utashinda wapi? Si utashinda kwangu, unanikagua mishono?"

Nitalala nikicheka. Gari liko uani, banda ni lake, kila mtu ana chake.

Jumatatu, tarehe 10 Juni

Shemeji alipiga simu asubuhi. Amejitolea kuja na kijana wake wa gereji washushe giaboksi na kuligeuza bamba. Kazi ya saa chache, alisema, kisha gari litasimama kama magari ya watu wengine. Nilimshukuru. Nilimwambia mtu aliyefika tangini bila klachi anaweza kugeuza bamba moja.

Aliuliza kama nataka basi anieleze tu upande. Nilicheka kwa heshima, nikakata simu.

Uani kuna vumbi, na vumbi ni adui wa giaboksi. Kwa hiyo tumerudi bandani kwa muda mfupi sana. Mke wangu bado yuko sokoni. Cherehani nimeisogeza kona, giaboksi nimeilaza juu ya meza yake ya kukatia nguo, nimetandika gazeti. Na kwa kuwa giaboksi imeshatoka, injini nayo ni boliti chache tu. Kuna pistoni za mbio zaidi ambazo nimekuwa nikizifikiria. Nimetoa kichwa cha injini, niangalie tu. Sinia la wageni lilikuwa karibu.

Bamba la klachi ninalo mkononi. Nimeligeuza mara nyingi. Pande zote mbili zina sura ya kueleweka. Nimechagua ule unaopendeza zaidi, nikauandika kwa chaki ya cherehani: MBELE.

Sasa kuna swali dogo la mbele ya nini, lakini hilo litajionyesha nikifunga.