Shokapu ya Shemeji

Jumatatu, 4 Machi
Shemeji, kaka mkubwa wa mke wangu, kasafiri kikazi mpaka Jumamosi. Baiskeli yake ya milimani imelala sebuleni kwangu. Ile si baiskeli, ni farasi! Hakutaka kuniachia. Mke wangu akanidhamini, akasema siku hizi nimetulia. Nimefurahi sana, ingawa sikujua kwamba niliwahi kuchafuka.

Sharti moja: nisiipeleke kwenye tope. Ina shokapu ya nyuma, bomba fupi chini ya kiti, linabonyea ukipita kwenye shimo. Likiingiwa na mchanga, linavuja mafuta, na shokapu ya aina hiyo haipatikani tena.

Jioni mvua. Nimeipeleka kwenye tope. Kidogo tu. Nilitaka kujua inabonyeaje.

Jumanne, 5 Machi
Nimeisugua kwa mswaki wangu. Lakini swali limenikaa kooni: tope linafikaje kule? Shokapu imejificha katikati kama mfalme! Nilikwenda kwa jirani yangu kinyozi, anayejiona bingwa wa baiskeli. Mimi nikasema linadondoka kutoka juu. Yeye akasema linarushwa na gurudumu la nyuma. Tukabishana mpaka mteja aliyekuwa amenyolewa nusu kichwa akaomba tummalizie, tuendelee baadaye.

Kinyozi kafunga kipande cha tyubu kuukuu nyuma ya shokapu ya baiskeli yake, kinaning'inia kama pazia, chini kiko wazi. Akanishauri nifanye hivyo hivyo. Nimuige yeye? Labda nikiwa marehemu.

Jumatano, 6 Machi
Utafiti! Shule niliacha mapema, walimu walikuwa wanachoka, lakini akili haikuacha. Nimeivalisha shokapu soksi nyeusi, nikapaka gurudumu la nyuma unga uliokorogwa na maji, nikaendesha kutoka jikoni hadi mlango wa mbele. Ajabu tupu! Soksi imekuwa nyeupe upande wa nyuma. Kinyozi alikuwa sahihi. Sitamwambia.

Pazia la dirisha nalo limekuwa jeupe. Na televisheni. Na picha ya mama mkwe.

Mke wangu akarudi kutoka kazini, akauliza taratibu kwa nini nyumba imepigwa lipu. Nikamweleza sayansi. Akageuka ukutani, mabega yakawa yanacheka. Kisha akanigeukia, hacheki tena.

"Mume wangu, kaka hakukuamini wewe. Aliniamini mimi."

Sikula vizuri. Nilikula, lakini si vizuri.

Alhamisi, 7 Machi
Kwa hiyo nimetengeneza kinga. Kipande kimoja kama cha kinyozi? Hapana. Mtu niliyewahi kufanya kazi melini (jikoni, wiki moja, lakini meli ilikuwa kubwa) nafikiri mbali. Nimeizungushia shokapu tyubu pande zote, juu na chini, nikaibana kwa utepe wa gundi, ndani nikajaza grisi. Hata mbu hapiti. Kinyozi kachungulia, akauliza mgonjwa ataruhusiwa lini. Wivu.

Ijumaa, 8 Machi
Majaribio ya mwisho, kwenye tope zito. Nje safi! Ila wakati wa kuteremka, shokapu ikaanza kulia kama mtu anayetafuna wali wenye mawe.

Nimeifungua uani. Tope liliingia kwa juu, utepe ulipoachia, likakosa pa kutokea. Limechanganyika na grisi, limekuwa uji. Nikaenda kumwita kinyozi. Si kwa ajili ya baiskeli. Kwa ajili ya yule aliyenidhamini.

Kinyozi akaja na brashi zake laini za shingoni. Tumesafisha wote wawili mpaka bomba likang'aa. Tumelichungulia kila upande, hakuna mkwaruzo wala tone la mafuta. Mungu ana huruma na wajinga, kinyozi akasema, akiniangalia mimi. Kisha akafungua pazia la baiskeli yake mwenyewe, akalifunga kwenye ya shemeji. Nimemshukuru. Nimemwambia pia kalifunga upande kidogo.

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji kafika. Nilikuwa na hadithi tayari, yenye mbuzi na mwizi. Mke wangu akanitazama. Hadithi ikakauka mdomoni, nikasema yote: tope, unga, grisi. Shemeji akainama, akaibonyeza shokapu, akasikiliza. Nzima. Akaniambia hasira yake ilikuwa njiani, lakini ukweli umeiwahi. Mke wangu akashusha pumzi ambayo nadhani aliishikilia tangu Jumatano.

Halafu shemeji akaligusa lile pazia, akauliza nani kabuni kitu kizuri hivi. Nikasikia sauti inasema: mimi. Ilikuwa yangu.

Kafurahi mno! Anataka kinga kama hiyo kwa wenzake wote anaoendesha nao. Nimemwahidi, tena bora zaidi, maana hii iko wazi sana chini. Zangu zitafungwa pande zote.

Safari hii mke wangu hakunidhamini. Kavaa viatu, kaenda kumwita kinyozi. Sijui wa nini. Labda nywele zangu zimekua.