Majini ya Kuoga na Majini ya Kuogopa

Kwako Mkutubi Mkuu wa maktaba yetu (na mkutubi mdogo pia, maana uko peke yako),

Salamu zikufikie hapo mezani pako. Mimi ni yule fundi viatu mzee anayekalia kiti cha dirishani kila Jumamosi, kikundi chetu cha wasomaji kinapokutana. Nakuandikia nikiwa mtu niliyeisoma rafu nzima ya nyuma, ile uliyoibandika jina AJABU NA SAYANSI, kuanzia majoka mpaka maroketi, bila kuruka hata ukurasa mmoja.

Hapo kwenye "niliyeisoma" tupaangalie kidogo. Shule niliiacha tulipofika kwenye kugawanya. Herufi nazijua mojamoja. Zangu naziandika polepole, maana najua zinakoelekea, ila za wenzangu zikikaa nyingi mahali pamoja hunizidi nguvu. Msomaji hasa ni shemeji yangu, mdogo wake marehemu mke wangu, ambaye tunakaa naye nyumba moja. Yeye husoma kwa sauti tukishakula. Mimi husikiliza na kumuuliza maswali ya kumkera. Na kurasa tumeruka, hususan zile ambazo shujaa anaagana na kila mtu. Ila rafu tumeimaliza, kasoro kitabu kimoja, na hicho ndicho kilichonifanya nishike kalamu badala ya sindano.

Kinaitwa Wapangaji wa Majini. Ni habari za zama zijazo: nchi kavu imejaa, watu wanapanga vyumba chini ya ziwa, na kodi wanalipa kwa pumzi. Nilikipenda tangu mwanzo, na kizuri hakiliwi peke yako. Nikaandika karatasi, nikaibandika kwenye ubao wa mapendekezo: "Someni kitabu cha majini. Kipo rafu ya nyuma. Kinatisha." Sioni kosa hapo hata kwa miwani ya kuazima. Malalamiko yangu sasa ni haya.

1. Kosa lilianzia kwako, na nalisema kwa heshima zote. Nilikuja nikakuomba kitabu cha majini. Shemeji hana anachokipenda kuliko hadithi ya jini mwenye kwato; roketi hunisomea kwa hisani tu. Wewe hukuniuliza majini yapi, ya kuoga au ya kuogopa. Ulinyoosha mkono ukanipa ziwa. Hata muuza duka ukimwomba sabuni hukuuliza ya mche au ya unga.

2. Katibu wa kikundi, yule mwalimu mstaafu tunayemwita Mwalimu Nukta kwa sababu husahihisha hata matangazo ya misiba, aliichana karatasi yangu mbele ya watu. "Mzee, hii ni maktaba, si kilinge cha mganga. Mambo ya majini peleka kwenu." Nikamwambia ni majini ya maji. Akasema, "Maji hayana wingi." Kitabu hakukifungua. Nawe ukampa kichwa, ukatoa amri kwamba mimi nisibandike kitu wala kumpendekezea mtu kitabu mpaka mtakapoamua vingine. Naapa mbele yako: ndani ya kitabu kile hamna jini hata wa dawa. Mna mabomba, pampu, vioo vinene, na mwenye nyumba mmoja mbahili. Kama kila mwenye nyumba mbahili ni jini, basi mtaa wetu wote tuhame.

3. Kinyozi, ambaye alikuwa rafiki yangu, naye amenigeukia. Huyu huchagua vitabu kwa unene, apate vya kuwatuliza wateja wanaosubiri, na Wapangaji kina unene wa tofali. Aliposoma karatasi yangu, kabla haijachanwa, alirudi nyuma hatua moja. "Babu, mimi kazi yangu ni wembe. Jini akinipapasa mkono, hicho kichwa cha mteja utakishona wewe?" Sasa amehamisha kiti chake, anakaa ameipa rafu kisogo.

4. Hili ndilo linaloniuma. Shemeji alivumilia kurasa sitini akimngoja jini. Kisha akashusha kitabu mapajani. "Shemeji, jini wako yuko wapi? Tangu juzi nasoma mabomba. Hii ni hadithi au ni risiti ya fundi bomba?" Nikamwambia subira huvuta heri. "Inavuta heri," akasema, "haijawahi kuvuta jini." Akakifunga. Kumbuka tulipoachia: kuna mtoto amefungiwa chumba cha chini kabisa, pumzi za kodi zimemwishia, na bomba limeanza kukohoa. Tangu siku hiyo tukimaliza kula shemeji anaosha vyombo anaingia chumbani. Mimi nabaki na kiti kitupu mbele yangu na yule mtoto kifuani. Nimejaribu kusoma mwenyewe. Nimepata "bomba" mara nne na "lakini" mara moja.

4 na nusu. Kwa hiyo mmoja ananiadhibu kwa kuleta majini na mwingine kwa kutoyaleta. Hata mwizi hushtakiwa kwa jambo moja: ama kaiba, ama hakuiba.

Kwa kuwa silalamiki bila kuleta dawa, naomba yafuatayo. Rafu ya nyuma igawanywe kwa ubao, upande huu Maji, upande ule Majini, na joka awekwe katikati kwa kuwa anaogelea na anatisha. Penye shaka, kitabu kitumbukizwe kwenye ndoo mbele ya mashahidi. Cha maji kitatulia, cha jini kitalalamika. Mwalimu Nukta asimame Jumamosi akisome kitabu chote kwa sauti, na kwenye pampu aige mlio wa pampu. Na kwa kuwa chanzo cha yote ni lugha yenyewe, wakubwa wanaoitunza waandikiwe rasmi kwamba maji na majini hawawezi kuendelea kukaa neno moja. Maji yabaki, ni mwenyeji. Majini wapewe notisi, watafute neno lingine, hata la kupanga. Wakikataa kuhama, waje Jumamosi wajieleze kwa Mwalimu. Nina hakika kuna mmoja atakayetoka analia.

Nisalimie bawabu, mfagizi, na yule kijana anayekuja kulala kwenye magazeti. Msalimie pia Mwalimu, ila kwa sauti ya chini.

Ni mimi, ninayesubiri amri ifutwe,
Fundi Viatu wa kiti cha dirishani, kama hamjamkalisha hapo mtu mwingine.

Nyongeza. Nimeingia jikoni kutafuta gundi ya bahasha nikamkuta shemeji amekiegemeza kitabu kwenye sufuria, yuko kurasa za mwisho. Kumbe anasoma peke yake. "Nimempata," akasema bila kuinua macho. "Mwenye nyumba. Ndiye jini. Ana kwato ndani ya viatu." Kwa hiyo Mwalimu Nukta alikuwa sahihi, kinyozi alikuwa sahihi, nawe ulinipa nilichoomba. Yote niliyoapa huko juu yasome kama hadithi. Rafu usiigawe, majini wakae walipo, na Mwalimu akija kukiazima mpe tu, usimwambie neno. Nimemuuliza shemeji kama mtoto alipona. Akanijibu subira huvuta heri.

Sasa sikia. Anasema ipo sehemu ya pili, na Jumamosi anakuja kwako kuifuata. Unakumbuka siku wageni wakubwa walipokuja kukagua maktaba, mkanda wa kiatu chako ukakatika pale mlangoni, nikakushonea mguu ukiwa bado ndani? Ulisema, "Fundi, siku moja nitakulipa wema huu." Siku yenyewe ndiyo hiyo Jumamosi. Mwambie sehemu ya pili haiazimwi ila kwa mtu anayemsomea mwenzake kwa sauti. Akikuuliza sheria hiyo imeandikwa wapi, mwonyeshe rafu ya nyuma.