Ombi la Kumwondoa Dolores na Maikrowevu Yake Katika Chumba cha Vipimo

Maabara ya Uhakiki wa Vipimo vya Redio,
Cedar Rapids, Iowa.

Kwako Bi. Pospisil, mkuu wetu mpendwa,

Pokea salamu zangu za heshima. Natumaini mkutano wako wa kujadili namna ya kupunguza mikutano ulikwenda vizuri.

Nakuandikia kwa uchungu. Mkaguzi anakuja Jumanne na chumba chetu kinavuja, mawimbi ya nje yanapenya. Nikiyabana mawimbi ya mtambo wetu hadi mwisho, kipimo kinapaswa kunyamaza kabisa. Hakinyamazi. Wa kulaumiwa nawajua:

1. Dolores Zahradnik, fundi mwenzangu, kila saa nne asubuhi anapasha moto kolachi zake, vile vimikate vitamu vya plamu, kwenye maikrowevu. Nilipomwambia anatuharibia kazi, alinijibu mbele ya watu: "Mzee Verlyn, kaza kwanza viungo vya nyaya zako, halafu ndiyo uje uikague kolachi yangu!" Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Mimi nakaza viungo kwa vidole hivi mwaka wa thelathini na moja sasa. Ile spana ya kupima mkazo ni ya wasiojiamini.

2. Simu. Saa za mkononi zinazopokea ujumbe. Na kile kifaa cha masikioni cha Bwana Orrin wa stoo, ambacho angeweza kukivua akija kwetu, maana hata akiwa nacho hasikii anachoambiwa.

3. Wewe mwenyewe, mama. Mlango wa chuma unaufungua kila dakika kumi kuuliza kama tumemaliza. Naomba uwe unauliza kwa barua.

4. Kwa hiyo Dolores ahamishiwe idara ya kufungasha, kama ulivyonikubalia kwa mdomo juzi, maikrowevu izikwe, na wafanyakazi wote wavikwe karatasi za alumini kuanzia utosini. Mimi sitavaa. Mimi sivuji.

Nisalimie wote nyumbani, pamoja na yule mbwa wako mgonjwa.

Wako mtiifu,
Verlyn Hruska,
Fundi Mwandamizi.

Tanbihi: Leo Jumamosi nimekuja peke yangu. Jengo tupu, maikrowevu nimeichomoa, mlango nimeufunga. Kipimo kikasoma vilevile. Nikaona haya, nikaichukua spana. Viungo vinne vilikuwa vimelegea. Nilipovikaza, kipimo kikanyamaza. Barua siichani, nastahili uisome. Nimemkosea sana yule dada. Kama uhamisho wake umeshautia saini, futa jina lake, andika langu.