Nyuzi Nne za Fundi Stambuli

Jumatatu, 14 Julai 2025

Baridi. Uluguru yote imejifunika mawingu, na mimi nimedhalilishwa kabla ya chai. Madam Judith, meneja wetu hapa kiwanda cha maziwa, ametangaza kwamba daftari langu la vipimo halitakiwi tena. Daftari! Miaka kumi na tisa nimelilinda lisilowe. Sasa kuna mfumo wa kompyuta. Kila kipimajoto, kila mzani, kila geji imebandikwa namba. Kila kifaa kihakikiwe kama kinasema kweli, na matokeo yaingizwe kwenye mfumo kabla ya Ijumaa. Vifaa thelathini na nane. Atakayeifanya kazi vizuri atakuwa mkuu wa matengenezo, maana mzee Abdulswamad anastaafu mwezi ujao.

Cheo hicho ni changu. Mwembesongo nzima, mtaa wa kiwanda, inajua. Kikwazo ni fundi mwenzangu Editha, binti wa Kilakala, miezi miwili tu kazini. Ameniuliza tuanze na vipimajoto au na mizani. Nimemjibu kwamba mimi huanza na chai.

Jumanne, 15 Julai

Nimemaliza! Vifaa vyote thelathini na nane, dakika arobaini, nimekaa kantini na simu yangu. Mfumo unauliza kifaa kimekosea kwa kiasi gani. Najaza sifuri. Sifuri, sifuri, sifuri. Alama za kijani zinashuka moja baada ya nyingine, raha tupu. Nani anahangaika kupima kifaa anachokijua tangu kikiwa kipya?

Editha kutwa ameinamia ndoo ya barafu na kile kipimajoto cha kupimia vipimajoto vingine. Kamaliza vitano. Nimepita nikampa pole.

Madam amenipongeza kwenye kundi la WhatsApp. Nimepeleka nyumbani lita mbili za maziwa kusherehekea. Mke wangu Mwanahawa akasema yana harufu. Nikamwambia ni harufu ya ushindi.

Jumatano, 16 Julai

Tumbo. Langu na la Mwanahawa, kwa zamu. Majirani wote hapa Mafiga wameusikia mlango wetu wa choo. Nalaumu maharage. Mwanahawa anasema hatukula maharage.

Kazini, Editha akaja mezani kwangu. "Shikamoo, mzee Stambuli." Sauti ya asali. Kisha akauliza niliuhakiki vipi mzani namba ishirini na mbili jana, wakati uko Dar es Salaam unatengenezwa tangu Mei. Nikasema kwa uzoefu. Akasema mfumo unaonyesha nimehakiki vifaa sita ndani ya dakika moja. Nikasema mimi mwepesi. Hakucheka. Ananipa hadi kesho mchana nirekebishe mwenyewe, la sivyo atamwambia madam.

Ananipa! Mimi!

Nimekaa nimefikiri. Zilizoniangusha ni sifuri. Zilikuwa nzuri mno. Kesho nachanganya namba. Kosa dogo hapa, kosa dogo pale, mambo yaonekane ya kweli.

Alhamisi, 17 Julai

Sijui nianzie wapi.

Saa nne asubuhi, tumbo limetulia, nikaanza. Mzani wa mapokezi nikaupa gramu ishirini. Geji ya mvuke nikaipa nukta tano. Kipimajoto cha mtambo wa kuchemshia maziwa nikakipa nyuzi nne, idadi ya chapati nilizokuwa nimekula. Nikabonyeza.

Simu za kiwanda kizima zikalia kwa pamoja. King'ora! Kumbe mfumo hauvumilii nyuzi nne kwenye kipimajoto kile. Mtambo ukasimamishwa. Madam akatoka mbio, kofia ya neti imemkaa upande. Nilishaandaa maneno: mtandao ulisumbua.

Editha akatumbukiza kipimajoto chake. Akasoma. Akasoma tena.

"Madam, ni kweli. Kinadanganya kwa nyuzi nne."

Kilikuwa kinaonyesha sabini na mbili, na maziwa yako sitini na nane. Tangu mwanzo wa wiki tunauza maziwa ambayo hayajapata moto wa kutosha. Madam akaagiza yarudishwe yote kutoka madukani. Gari moja lilizuiwa likiwa getini, lita mia nne, za watoto mia nane wa shule.

Nikalikumbuka tumbo langu la jana, nikawaza watoto mia nane. Nikakaa chini kwenye kreti.

Kisha madam akanishika mkono mbele ya wafanyakazi wote, akasema fundi Stambuli ameokoa kiwanda. Nikasimama.

Ijumaa, 18 Julai

Shujaa! Kwa siku moja tu.

Madam aliitisha mkutano nieleze nilivyogundua. Nikasema niliyatazama maziwa, nikaona hayana furaha. Wakapiga makofi. Ndipo mzee Abdulswamad, ambaye nilidhani ni rafiki yangu, akaomba nionyeshe kwa vitendo. Nikaletewa ndoo ya barafu na kipimajoto. Nikakitumbukiza kichwa chini.

Mzee Abdulswamad akakichukua, akakigeuza.

Madam akafungua mfumo ukutani, watu wote waone. Sifuri thelathini na nane za Jumanne, pamoja na ya mzani ulioko Dar. Akaniuliza nyuzi nne nilizitoa wapi. Nikasema kweli kwa mara ya kwanza wiki hii: kwenye chapati.

Editha ndiye mkuu wa matengenezo kuanzia Agosti. Mimi nahamishiwa kituo cha kukusanyia maziwa, Mgeta, huko milimani. Kuna mzani mmoja. Mmoja!

Mwanahawa anasema nishukuru sijafukuzwa, na nikamwombe Editha radhi. Nimelifikiria. Nimekataa. Nani aliandika nyuzi nne kwanza? Yeye alithibitisha tu.

Jumatatu, 21 Julai

Mgeta. Ukungu hadi mdomoni. Editha amenikabidhi mawe ya mzani ya chuma, na maelekezo mara tatu: pima kwanza, jaza baadaye. Nikamwitikia, sawa kiongozi. Alielewa kwamba ni kejeli.

Mawe yako chini ya kiti cha gari. Mazito. Nimeyaacha hukohuko. Siku tatu nimetafakari, na ukweli nimeupata: nina kipaji. Mtu hawezi kupatia nyuzi nne hivihivi. Nilihisi.

Basi nimesimama mbele ya mzani. Nimeutazama. Kilo moja na nusu pungufu, nimehisi kabisa, hadi kwenye magoti. Nimejaza.

Mfumo umefunga kituo papo hapo. Wafugaji arobaini wako kwenye foleni na ndoo zao, maziwa yanakaribia kuchacha. Mama mmoja wa mbele ananiambia kitu kwa Kiluguru, na nashukuru sikielewi. Simu inaita. Editha, mara ya tano sasa. Sipokei. Nasubiri ya madam, ya pongezi.