Mwindaji wa Pande Ishirini

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Mjukuu wangu Shamimu karudi likizo kutoka chuoni Mazimbu. Anasomea mambo ya wanyamapori. Nilitegemea aje na sukari. Kaja na dadu! Tena si dadu la kawaida. Hili lina pande ishirini, kama fenesi lililochongwa na mlevi.

Ni mchezo wa mezani. Mmoja anasimulia safari, wengine wanajifanya watu wa ndani ya hadithi: huyu shujaa, yule mganga. Ukitaka kufanya jambo gumu unarusha dadu. Namba kubwa, umefanikiwa. Namba ndogo, pole yako. Wasomi wazima na shahada zao! Nikasema huo ni upuuzi. Halafu nikauliza kama nafasi ipo.

Ipo. Shamimu anasema mchezo wao una kasoro moja: wasafiri wanakatiza milima mwezi mzima na hakuna anayekula. Kwa hiyo anataka kutunga kanuni za kuwinda na kuchuma chakula porini, azichape kitabu kidogo, na Jumapili wenzake waje kuzijaribu hapa Bigwa. Jalada litaandikwa: Kanuni za Mzee Mwinshehe, Mwindaji wa Kisaki. Jina langu! Kwenye jalada! Mimi niliyeishia darasa la nne, tena la nne lenyewe nusu!

Kuna tatizo dogo tu. Sijawahi kuwinda.

Ukoo mzima unajua kwamba mwaka 1979 niliua nyati kule Kisaki kwa mkuki mmoja. Pembe zake ziko juu ya mlango wa sebule. Ukweli ni kwamba nilikuwa mpishi wa kambi ya mafundi wa reli, na nyati yule aligongwa na treni ya mizigo. Mimi nilifika baadaye, na kisu na sufuria. Aliye hai anayejua hayo ni mmoja: Kasimiri, aliyekuwa fundi palepale. Mnyamwezi wa Tabora. Mtani wangu. Jirani yangu. Adhabu yangu.

Na saa kumi jioni nani katokea barazani kunusa kahawa? Shamimu kampa shikamoo na kiti, kamkaribisha mchezoni. Kasimiri kachagua kuwa shujaa mwenye shoka. Jirani yetu Bi Anastasia, mstaafu wa mashamba ya miwa Turiani, kachagua kuwa mchumaji wa mboga na mizizi. Mimi mwindaji, nani mwingine?

Nikatamka kanuni ya kwanza: dadu likishaanguka limeanguka, hakuna kurudia. Maana Kasimiri namjua kwa wizi. Shamimu akaandika. Kasimiri akachomoza midomo, akalia taratibu: "Puuuuu!" Honi ya treni. Shamimu akauliza kama Babu Kasimiri anaumwa kifua. Nikasema ndiyo, maskini, siku zake zimekaribia.

Jumanne, 5 Agosti

Safari imeanza. Siku saba kuvuka Milima ya Nduli mpaka Mji wa Chumvi. Kila mtu anakula fungu moja la chakula kwa siku, na mfuko wetu una mafungu sita tu. Kwa hiyo lazima niwinde. Kuanzia kumi na mbili kwenda juu, mnyama kapatikana.

Nikarusha. Tatu.

Kasimiri akauliza kama hiyo tatu inaliwa na ugali au wali.

Nikarusha tena, siku ya pili ya safari. Mbili! Shamimu, kwa upole, akasimulia kwamba mwindaji alinyatia jiwe kwa saa nzima akidhani ni swala. Bi Anastasia akarusha, kumi na nane. Mlenda, viazi pori, uyoga kikapu kizima! Kasimiri akasema ashukuriwe mama huyu, kundi lina mwindaji mmoja na ni yeye, huwinda uyoga, na uyoga haujawahi kumkimbia.

Sikulala mchana kwa uchungu. Nikabuni. Nikamwita Shamimu, nikamwambia kwa sauti ya mzee mwenye makovu kwamba uyoga wa porini ni kifo. Lazima mtu aonje kwanza, arushe dadu, na ikitoka moja mpaka nne, kwisha habari yake. Akauliza kama kuna dawa. Nikasema hakuna dawa! Nilizika watu watatu Kisaki kwa uyoga! Akaandika yote, macho yamemtoka. Hakuna aliyekufa Kisaki kwa uyoga. Walikufa njaa siku nilipounguza maharage, na hata hiyo njaa iliisha saa saba.

Sasa tuone huyo mama atawalisha nini.

Jumatano, 6 Agosti

Nimegundua siri ya dadu. Upande wa ishirini unatazamana na upande wa moja. Ukiongeza uzito kwenye moja, moja italala chini, ishirini itacheka juu. Sayansi! Asubuhi nikachukua tonge la ugali wa jana, nikalibandika kwenye moja, nikalipaka masizi lisionekane. Nikajaribu mara tano uani. Ishirini mara mbili! Mke wangu Asia akapita na ndoo, akauliza kama sasa nalisha dadu. Nikamwambia haya ni mambo ya wanaume. Akasema ndiyo maana hayajawahi kumshibisha mtu.

Saa kumi tukakaa mkekani. Zamu yangu. Nikalipuliza dadu, nikasoma maneno ya Kiarabu nisiyoyajua, nikarusha. Likabingirika vizuri, likaanza kutulia, nikaiona ishirini inakuja. Ghafla jogoo wa Asia katokea uani! Kanusa ugali! Kadonoa, kalibeba dadu, kalitema likiwa safi. Likasimama.

Moja.

Nikadai kurudia. Shamimu akafungua daftari, akanisomea kanuni ya kwanza, herufi kwa herufi. Dadu likishaanguka limeanguka. Kasimiri akamshukuru jogoo, akamwita mheshimiwa.

Na moja ni balaa. Moja maana yake mwindaji anawindwa. Nyati kanifukuza mpaka juu ya mti, na mfuko wote wa chakula, niliokuwa nimeubeba mimi kwa heshima ya cheo changu, umeangukia korongoni. Kundi zima halina hata punje.

Kasimiri akasema anashangaa, kwa sababu nyati wa zamani walikuwa wanasubiri. Walikuwa wanalala kabisa juu ya chuma. Puuuuu! Nikammiminia kahawa nyingine, na kashata juu yake. Anyamaze.

Jumapili iko karibu. Pembe zinaniangalia.

Alhamisi, 7 Agosti

Njaa mchezoni. Shamimu anasema miguu yetu inatetemeka na tumeanza kuona mawe kama mikate. Bi Anastasia karusha, kakosa. Mimi nimerusha, nimekosa. Lakini nimekumbuka kitu! Siku ya kwanza Kasimiri aliandika kwenye karatasi ya shujaa wake: nyama kavu, mafungu mawili, mfukoni. Kakaa kimya nayo, mchoyo.

Nikainuka. Nikasema mimi Mluguru, huyu Mnyamwezi, sisi watani tangu mababu zake wapite hapa wakiwa wapagazi. Mtani anachukua cha mtani bila kuomba. Kwa hiyo mwindaji anaingiza mkono kwenye mfuko wa shujaa na anakula.

Shamimu akashika kichwa. Akauliza kama utani unafika mpaka kwenye Milima ya Nduli. Nikasema utani unafika popote penye Mnyamwezi na mfuko. Tukampa Bi Anastasia aamue, maana yeye Mchaga, hana upande. Akasema ndivyo ulivyo utani. Hata mazishini anaona watani wanabeba mpaka sufuria na hakuna wa kuwagusa.

Nikala fungu la kwanza. Halafu nikala la pili. Bi Anastasia akauliza lake liko wapi. Nikasema mwindaji lazima awe na nguvu kwa manufaa ya wote. Akaniita fisi. Mchezoni na nje ya mchezo.

Ajabu ni Kasimiri. Hakukasirika. Mtani haruhusiwi kukasirika, lakini kwa kawaida huwa anajitahidi. Leo kacheka, kanipiga bega, kasema kula, Mluguru, mtoto wa mlimani mwenye mguu mmoja mrefu mmoja mfupi, kula ushibe. Mtani naye ana siku yake.

Siku gani?

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Nimekufa.

Naandika kwa utaratibu. Nimetoka msikitini, tumekaa mkekani. Asia yuko kwenye viwanja vya maonyesho, anatazama ng'ombe wa watu. Bi Anastasia karusha dadu, kapata chakula kimoja tu: uyoga. Kikapu kizima. Lazima aonje mtu kwanza.

Kila mmoja akamtazama mwenzake. Shamimu akasema labda mtaalamu atusaidie. Akasema kitabu kiko tayari, bado jalada tu. Ningefanyaje? Nikasema mwindaji wa Kisaki anaujua uyoga kwa harufu, dadu ni la watu wa mjini. Nikauonja. Nikarusha.

Nne.

Shamimu akasema kwa sauti ndogo, babu, umekufa. Nikaomba dawa. Akanigeuzia daftari: hakuna dawa, watu watatu walizikwa Kisaki.

Hapo Kasimiri akasimama. Akaninyang'anya kofia, akaivaa. Akaingia chumbani, akatoka amejifunga shuka la Asia na amevaa koti langu la Idi. Akaenda mpaka barabarani, mtu mzima wa miaka sabini na mbili, akapiga yowe: "Jamani! Mtani wangu Mwinshehe kafa! Kafa kwa uyoga!" Kisha akarudi akalala kifudifudi mlangoni, akasema maiti haitoki mpaka apewe kuku.

Hazikupita dakika kumi. Watu wakaanza kuja! Wanawake na khanga vichwani, mmoja na unga kilo tano. Vijana wakatoa makochi nje. Wengine wakafunga turubai na kutandika mikeka, sufuria kubwa ikafika sijui kutoka wapi. Mtu kashatumwa msikitini kutangaza. Nikasimama katikati nikasema mimi hapa, mzima! Mzee mmoja akaniambia nikae chini nisisumbue wafiwa. Hakuwa na miwani.

Asia akafika. Kaliona turubai, kaachia pochi, kalia kilio ambacho sikujua anacho kwa ajili yangu. Nikaguswa. Nikamkimbilia. Kuniona tu akanyamaza, akanitazama juu mpaka chini, akauliza kama hata kufa nimeshindwa kumaliza.

Walipoelewa ni mchezo, hakuna aliyeondoka. Maji yalikuwa yameshachemka. Wakasema basi mtani atoe wasifu wa marehemu. Kasimiri akapanda juu ya kinu. Akaanza: marehemu alikuwa mwindaji hodari, silaha yake ilikuwa na mabehewa ishirini na nne. Akasimulia yote. Nyati kwenye reli, saa mbili asubuhi. Mimi na sufuria. Mimi nikiomba pembe. Mkuki nilionunua Kisaki stesheni siku ya kurudi. Watu wakagaagaa kwenye mikeka.

Nikataka kujibu. Wakaniambia marehemu hajibu.

Shamimu hakucheka. Aliziangalia pembe juu ya mlango, akaniangalia mimi, akaingia ndani.

Jumamosi, 9 Agosti

Shikamoo ya asubuhi ilikuwa fupi na ilitazama sakafu. Sikunywa chai. Sawa, nilikunywa, lakini bila raha. Miaka yote ya utoto wake nilimlaza kwa nyati yule. Na anasomea wanyamapori kwa sababu gani? Sikutaka kujijibu.

Saa nne akaja uani na daftari. Akaketi kwenye kigoda, mbali kidogo. Akauliza: nyati mmoja, mafundi wangapi?

Nikasema thelathini na mmoja.

Akauliza walikula siku ngapi. Nikasema tisa. Akasema haiwezekani, jua la Kisaki, nyama itaoza siku ya pili. Nikamwambia wewe soma vitabu, mimi nilikuwepo! Maini na figo siku ya kwanza, kwa sababu hazingoji. Mbavu jioni yake. Paja unalikata vipande vyembamba kama mkanda, chumvi, kamba, upepo, na moshi wa chini kufukuza nzi. Mifupa unaitunza mwisho kwa supu, na supu unaichanganya na majani ya kunde. Bila majani, siku ya nne watu wanaanza kugombana.

Aliandika kurasa nne. Sikuongeza hata neno la uongo. Ilikuwa kazi ngumu sana, mgongo unaniuma mpaka sasa.

Akafunga daftari. Akasema hizi ndizo kanuni bora kuliko zote, maana kila mchezo una mtu wa kuua mnyama na hakuna unaosema nini kinafuata. Jalada litaandikwa: Kanuni za Mzee Mwinshehe, Mpishi wa Kambi. Akaniegemea bega.

Macho yakawasha. Vumbi la Agosti.

Jumapili, 10 Agosti

Wenzake sita wamekuja kutoka Mazimbu. Adabu tupu, shikamoo sita. Kitabu kimepokewa kwa makofi. Kasimiri na Bi Anastasia wako kanisani, kuna sherehe ya jumuiya, hawarudi mpaka jioni. Nilihakikisha mara mbili.

Binti mmoja, mpole, kauliza tu kwa heshima mpishi wa kambi alimpikia nani hasa. Ningeweza kusema mafundi wa reli. Neno lilikuwa mdomoni kabisa. Lakini walikuwa wamenikodolea macho, sita kwa mara moja, na Shamimu anatabasamu!

Nikasema wakati ule alikuja mwana wa mfalme kutoka Ulaya. Alionja supu yangu. Akalia. Akachomoa kijiko chake cha fedha, akanikabidhi mbele ya jeshi lake.

Shamimu akashtuka, akauliza mbona hajawahi kukiona. Nikasema kiko sandukuni, kitu cha thamani hakianikwi kama pembe. Wote wakapiga kelele. Wanataka kukipiga picha iwe nyuma ya kitabu. Saa kumi, kabla hawajaondoka.

Sasa ni saa tisa na robo. Niko nyuma ya banda la kuku na kijiko kutoka kabatini kwa Asia, nakisugua kwenye jiwe, pale kilipochapwa neno China. Herufi tatu zimeshatoka. Bado mbili.