Bidoni Iliyopumua Juani

Jumanne, 3 Julai 1956

Mume wangu Straton amerudi mikono imejaa malengelenge ya kuzungusha hendeli. Kamio, lile lori la Mzee Faradji analoliendesha, ililala Kanama mlimani na viazi vyake, asubuhi baridi ikaishika, ikakataa kuwaka. Mzee amesema Ijumaa isipowaka mapema, kamio anampa Abdu. Abdu ni mume wa Saidati, jirani yangu. Saidati kanipa pole kabla sijamwambia kitu.

Jioni Straton hakupiga honi kwenye kona. Mtoto wetu Théoneste aliingoja mpaka akalala.

Jumatano, 4 Julai

Dawa imepatikana. Rafiki yangu Nyirasafari anafulia Mzungu mmoja kando ya ziwa. Anasema huko kwao Wazungu esanse, petroli ya magari, hubadilishwa kwa majira. Ya wakati wa theluji, theluji kama ile ya mlima Karisimbi, wanaichanganya iwe nyepesi, ishike moto hata injini ikiwa baridi kama jiwe. Mzungu alikuja nayo kwa meli, bidoni mbili, vidumu vya bati. Nimemfulia huyo Mzungu mapazia ya sebuleni, kanipa moja.

Straton kanusa, kasema bon, sawa, tutaona. Halafu akaniita mama wa akili. Naliandika hapa nisilisahau.

Alhamisi, 5 Julai

Bidoni niliiweka uani, mbali na jiko, ipate joto kabla ya kupanda mlima. Mchana tumbo lake likavimba. Hilo nalijua. Pombe ya mtama ukiiziba sana inapasua chungu. Nikafungua, ikapumua kwa nguvu, nikaifunika jani la mgomba kama mama alivyonifundisha. Théoneste akapiga chafya. Saidati akauliza kwenye uzio kama leo tunapika kamio. Nikamwambia angoje Ijumaa.

Jioni ilikuwa imetulia, haipumui tena. Nikaona imeiva. Nikaifunga, Straton akaondoka nayo Kanama.

Ijumaa, 6 Julai

Haikuwaka. Walisukuma watu wa soko zima.

Straton kaniuliza polepole: uliiacha wazi juani? Nikasema hapana, ilikuwa na jani. Halafu akaeleza kwamba ile sehemu nyepesi, inayowasha kwenye baridi, ndiyo hupaa ya kwanza. Nilipeleka mabaki. Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Kamio amepewa Abdu. Straton atakuwa anaipakia viazi. Jioni Abdu kapiga honi kwenye kona, na Théoneste akacheka, akanyoosha mikono barabarani. Nikaingia ndani.

Jumapili, 8 Julai

Nimefikiri misa nzima. Straton ni mutu muzuri, lakini mambo ya pombe wanaume wanajua kunywa tu. Juani siku moja, nani alishaona pombe ikaiva siku moja? Na jani lilikuwa bichi.

Mzungu ana mapazia mengine, jana nikayafua. Bidoni ya pili iko uani tangu asubuhi, na jani kavu, nitaiacha mpaka Jumatano. Straton hajui bado. Théoneste yuko mgongoni, ananyamaza kila gari likipita.

Imeanza kupumua.