Mateso ya Kukodi

Jumapili ya tatu ya Januari 2018, ibada ilipokwisha katika kanisa moja la Wakongomani kule Rosettenville, Johannesburg, mchungaji aliwasimamisha mbele vijana sita waliopata nafasi chuo kikuu. Vigelegele vilipigwa. Mama Jocelyne, mwenye saluni, alilia mpaka wanja ukamfika kidevuni, maana mmoja wa wale sita alikuwa Arlène, binti yake wa pekee. Placide naye alipiga makofi kuliko wote, na huku anapiga alikuwa akikagua viatu vya wazazi. Mtu mwenye viatu vipya mwezi wa Januari, Placide aliamini, ana akiba mahali.

Huyu Placide watu walimwita Prof. Cheo hicho hakupewa na yeyote. Alianza kujiita mwenyewe, wengine wakafuata kwa uvivu. Alikuwa na miaka thelathini na tisa, suti mbili, chumba cha kupanga Jeppestown, na ulimi ambao haukuwahi kulala njaa. Alisimulia kwamba alisoma chuo kikuu Lubumbashi. Ukweli ni kwamba kwa miaka minne alifika kila siku kwenye geti la chuo hicho kuwauzia wanafunzi unité, yaani vocha za simu, na lile geti hakulivuka hata siku moja. Jambo hili lilimuuma, ila alikuwa amelifunika kwa suti.

Nje ya kanisa Arlène alikuwa akimsomea mama yake barua ya chuo. Juma la kwanza halina masomo, ni la kuwapokea wanafunzi wapya. Kila mmoja atatiwa kwenye kikundi cha watu ishirini na tano watakaosoma pamoja mwaka mzima, wakiongozwa na mwanafunzi wa zamani.

"Mwanafunzi wa zamani?" Mama Jocelyne akashika kifua. "Yesu wangu! Njo bleusaille!"

Wamama wengine watano wakageuka kwa mpigo. Inafaa kueleza hapa, kwa wasiojua, kwamba huko Kongo mwanafunzi mpya huitwa bleu, na mapokezi yake ndiyo hiyo bleusaille: wakongwe wa chuo humnyoa kichwa, humviringisha matopeni, humpa jina la aibu na kumwimbisha nyimbo ambazo hawezi kumwimbia mama yake. Mwenye bahati hupata mkongwe mmoja wa kumkinga, anayeitwa parrain. Mama Jocelyne alipitia hayo yote, na tangu siku ile hakuna jambo aliloliogopa kama neno "karibu" likitamkwa chuoni.

Placide alisogea polepole, mikono nyuma, kama daktari anayekuja na majibu.

"Bamama, musilie. Bleusaille yote iko na dispense. Mutoto anapewa karatasi, hapiti, hakuna wa kumugusa. Mi nilikuwa parrain ya batoto mingi kule Lubumbashi. Nitabatafutia dispense hapa. Randi mia ine tu kwa kila mutoto."

"Lakini Mama," Arlène alidakia, "hapa South hawafanyagi hivyo! Na barua inasema asiyesaini kufika Ijumaa saa sita mchana, nafasi yake anapewa mwingine."

"Nyamaza, weye! Mi balininyoa kichwa yote. Balinipa jina Kinyonga. Miaka tatu naitwa Kinyonga!"

"Kusaini ni kazi ya parrain," Placide alisema, bila hata kupepesa macho. "Nitabasainia bote sita."

Mama Jocelyne alifuta machozi, akamtazama kwa makini. Alikuwa mwanamke wa biashara, na machozi hayakuwahi kumzuia kufikiri.

"Basi sheria unaijua. Mutoto akipewa dispense, parrain anapita pa nafasi yake. Franga ya bote, ile mia ine ya kila mutoto, inakaa kwangu mpaka Ijumaa. Na kila siku jioni unakuja saluni kutuelezea vile balikufanya."

Sheria hiyo Placide hakuwahi kuisikia maishani mwake. Lakini mtu aliyekuwa parrain wa watoto wengi angewezaje kusema haijui?

"Njo vile," akajibu. "Sheria ni sheria."

Jumatatu asubuhi alikwenda chuoni na mpango mwepesi: aingie, ajipake vumbi nyuma ya jengo lolote, atoke. Alipolifikia geti miguu ilimgomea. Alisimama pale dakika nzima, huku wanafunzi wakimpita kulia na kushoto, kisha akafumba macho akavuka. Hakuna aliyemzuia.

Hakufika mbali. Msichana mmoja wa Kikenya, aliyevaa fulana ya njano na kuning'iniza filimbi shingoni, alimnasa kabla hajaona vumbi lolote.

"Uncle! Wewe ni first year? Mbona umesimama huko peke yako? Kuja, kuja. Mimi naitwa Kagendo, niko second year. Jina?"

"Placide, lakini mi niko tu..."

Kagendo alipitisha kidole kwenye orodha mara mbili. "Haupo. Ah, usijali, system iko offline tangu asubuhi. Nitakuandika na kalamu."

Hivyo ndivyo Placide alivyoingia chuo kikuu, baada ya kungoja miaka ishirini: kwa kalamu, mwisho wa ukurasa, chini ya mstari. Kufika saa tano alikuwa jukwaani ndani ya fulana ya njano iliyombana tumbo, akicheza mbele ya maelfu, maana kila kikundi kilitakiwa kujitambulisha kwa dansi na kikundi cha Kagendo kiliona aibu isipokuwa yeye. Ukumbi ulisimama. Wenzake, watoto wa miaka kumi na minane, wakaanza kumwita Malume, yaani mjomba kwa Kizulu.

Jioni aliingia saluni akichechemea, kichwa chini, mkono kiunoni.

"Balikufanya nini?" Mama Jocelyne aliuliza.

"Bamama." Aliketi taratibu. "Balinipandisha pa jukwaa. Balinivalisha nguo ya mutoto. Watu elfu tatu banaangalia. Balisema, cheza! Nikisimama, mupira ya maji kwa uso."

Wanawake walishika midomo. Placide aliona kwamba saluni ilikuwa imejaa. Hakuna kiti kitupu, wengine wamekalia kreti za soda. Aliona ni sawa tu, habari za shujaa husambaa.

Jumanne kikundi kilitembezwa maktaba, wakafundishwa namna ya kutafuta kitabu. Saluni ilielezwa habari ya chumba cha chini kisicho na dirisha, ambako Prof alibebeshwa kamusi kumi na nne kichwani na kupandishwa ngazi kwa magoti. Jumatano walifundishwa kuandika muhtasari wa mhadhara. Hiyo ikawa kuandika "mimi ni mbuzi" mara elfu moja, kwa mkono wa kushoto. Mtanzania mmoja, Tabia, aliyekuja kutoka Turffontein Jumatatu kusukwa, alirudi Jumanne kufumuliwa na Jumatano kusukwa upya, na alikuwa mstari wa mbele siku zote.

"Hee, Prof!" Tabia alisema. "Na huyo mbuzi walimlisha nini?"

"Majani," Placide alijibu kwa majonzi. "Ya pale pale uwanjani."

Kumbe mchana mambo yalikuwa mengine kabisa, na Placide hakuwa na mtu wa kumwambia. Alikuwa amenunua daftari. Alikuwa anaandika ndani yake, kweli kweli, na nyumbani alikuwa anasoma alichoandika. Jumatano alichelewa, akakuta wenzake wamemwekea kiti kwa kutandika begi juu yake, na mtu mwingine alipotaka kukikalia walimfukuza: hicho cha Malume. Placide alikaa akajifanya anafunga kamba za viatu. Viatu vyake havikuwa na kamba.

Alhamisi Kagendo aliwagawia vikaratasi, kila mmoja aandike kitu anachokiogopa, bila jina. Kwa nusu saa nzima yule mwenye ulimi hakupata neno. Mwishowe akaandika: "Naogopa watajua mimi si mwanafunzi." Kagendo alipovisoma kwa sauti akafika kwenye hicho, nusu ya kikundi ilinyanyua mikono. "Hata mimi!" walisema. Placide alitaka kuwaambia kwamba yake ni tofauti, lakini alijikuta anapangusa macho.

Kisha tangazo likatoka: kesho saa sita mchana ndiyo mwisho wa kusaini, na kila mtu atasaini kwa alama ya kidole chake. Hakuna kusainiana.

Jioni ile masimulizi yake yalilegea. Arlène alikuwa akifagia nywele chini, uso umenuna, na kila akipita na ufagio alimtupia jicho. Placide alimtazama binti aliyepata geti likiwa wazi, na yeye Placide, aliyelia getini miaka minne, ndiye anayelifunga. Aliwadanganya watu wengi maishani na kulala usingizi mzuri. Usiku huo hakulala.

Ijumaa saa nne na nusu alitoka kikundini mbio, fulana ya njano mwilini, bila kuaga. Alipanda teksi, akashuka Rosettenville kabla haijasimama vizuri, akaingia saluni bila kuchechemea. Ilikuwa saa tano na ushei, na saluni ilikuwa imejaa pomoni.

"Mama Jocelyne, chukua mutoto twende! Baite na bale wengine!" Alikuwa anahema. "Hakuna bleusaille! Hakuna dispense, nilisema bongo, uongo mutupu! Hakuna mutu alinigusa hata kidole. Banatupatia biskuti, Mama! Banatufundisha! Arlène asiposaini mwenyewe kufika saa sita, nafasi yake inaenda. Franga yenu mubaki nayo, sitaki hata randi moja, lakini twende!"

Wanawake waliangaliana, mashine ya kukaushia nywele ikivuma. Kisha Tabia akaangua kicheko, na saluni nzima ikamfuata.

"Ikala, Prof," Mama Jocelyne alisema, akimsogezea kreti. "Arlène alisaini Jumatatu."

"Jumatatu?"

"Alitoka kwa dirisha ya bafu, hana adabu kabisa. Akaenda, akasaini, akaona mutu pa jukwaa anacheza na fulana ya manjano, akamupiga picha." Alichomoa simu mfukoni mwa aproni. Alikuwepo pale Placide, tumbo nje, mikono juu, meno yote thelathini na mawili. "Mi niliona ile picha, nikasema, huyu mutu anateswa vibaya sana. Asubuhi ya Jumanne nikabatuma bale batano pia. Bote balisaini. Franga, kila mama alirudishiwa yake."

Placide alikalia kreti. "Mulijua tangu Jumatatu?"

"Saa kumi na moja jioni tulikuwa tunajua yote."

"Na mukaniacha nije kila siku?"

"Angalia viti, Papa." Mama Jocelyne alizungusha mkono. "Januari! Januari nani anasukaka nywele? Mwaka jana juma hii nilisuka vichwa bitatu. Juma hii arobaini na moja! Banatoka Turffontein, banatoka Jeppestown, banakuja kusikia Prof vile anateswa. Weye unadanganya muzuri kupita redio."

Arlène, aliyekuwa mlangoni, aligeuza kibao kilichoning'inia kwenye kioo ili Placide akisome. Kiliandikwa kwa kalamu nene: PROF, KILA SIKU, SAA KUMI NA MOJA. ANAYESUKA TU. Kilikuwa hapo tangu Jumanne, naye alikipita kila jioni, kwa sababu mtu aliyeteswa sana huingia akitazama chini.

Alipaswa kukasirika. Alijaribu, hasira haikuja. Mtu aliyezunguka Johannesburg nzima akiwauzia watu hewa alikuwa ameuzwa yeye mwenyewe, kwa vichwa arobaini na moja, na hakupata hata senti ya udalali.

"Haya, basi," Tabia alisema huku akijiweka sawa, nusu ya kichwa imesukwa. "Mimi nimeacha kazi kuja kuwahi kiti. Leo ni siku ya tano. Walikufanya nini?"

"Siku ya tano! Siku ya tano!" wanawake waliitikia.

Placide alifungua mdomo. Alitafuta matope, akatafuta wembe, akatafuta ndoo ya maji ya barafu. Hakupata. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, uongo ulimwishia.

"Leo balipiga kura," alisema. "Kikundi yote. Ya kuchagua mutu wa kubasemea mwaka muzima." Alivuta fulana chini. "Balinichagua mi."

Saluni ikalipuka. Tabia aliteleza kutoka kitini na rasta zake. Mmoja aligonga meza kwa kitana, mwingine alilia machozi. "Huo sasa umezidi!" walipiga kelele. "Huo ndio uongo mkubwa kuliko wote!" Placide aliketi katikati yao, mikono juu ya tumbo la fulana ya njano, akitabasamu kwa shida.

Mama Jocelyne peke yake hakucheka. Alimtazama usoni kwa muda, kitana mkononi.

"Kura ngapi?" akauliza.

"Kumi na saba," Placide alisema. "Kwa batu ishirini na tano."

Mama Jocelyne akazima mashine ya kukaushia nywele, akawaambia wanawake wanyamaze.